Kiwakilishi, Si Mjumbe: Jinsi Matukio na Viitikio Vinavyofanya Kazi katika Programu

Mfasiri anayepewa somo la lugha ya programu ya C# alitafsiri kwa Kiswahili hupita salama katika kurasa za mwanzo. Istilahi kama kigezo, thamani na orodha zimekwisha kuzoeleka, na maneno ya mkopo kama klasi na methodi hueleweka bila maelezo marefu. Kikwazo humkuta anapofika kwenye sura inayohusu iventi, iventi hendla na delegeti. La kwanza halimsumbui, kwa kuwa iventi ni tukio. La pili humfanya asite. La tatu hulitafuta katika kamusi ya lugha mbili, akakuta "mjumbe" na "mwakilishi", akachagua la kwanza, na safari ikaendelea.

Kamusi haikukosea. Mtu aliyetumwa na nchi yake kwenye mkutano ni mjumbe, na hakuna neno bora zaidi kwake. Tatizo ni kwamba neno linapohamishwa kutoka ukumbi wa mkutano hadi ndani ya programu, huhama na picha ya ukumbi huo. Mjumbe hukabidhiwa ujumbe, husafiri nao, huufikisha, kisha huondoka. Na kwa kuwa maneno si yake, wahenga walisema mjumbe hauawi. Mwanafunzi anayesoma kwamba "mjumbe huitwa tukio linapotokea" atatarajia mambo manne: kwamba kuna ujumbe unaosafiri; kwamba aliyetuma anaendelea na shughuli zake wakati ujumbe uko njiani; kwamba wajumbe wakiwa wengi, kosa la mmoja halimhusu mwingine; na kwamba kazi ikiisha mjumbe huenda zake. Kuhusu delegeti ya C#, hakuna hata moja kati ya hayo manne lililo kweli, na kila moja huzaa kosa lake katika programu.

Makala haya yanaeleza tabia ya matukio na delegeti hatua kwa hatua, kwa sababu istilahi haiwezi kuchaguliwa vyema kabla tabia ya kinachotajwa haijafahamika. Katika kufanya hivyo, tutaona kwamba neno linalofaa tunalo tayari, nalo halitoki katika siasa wala katika diplomasia. Linatoka katika sarufi: kiwakilishi.

Tukio na chanzo chake

Katika uandishi wa programu unaozingatia vitu, kazi hugawanywa kwa vitu mbalimbali, kila kimoja kikitunza data zake na kikiwa na methodi zake, yaani mambo kinayoweza kuyatenda. Swali linalojitokeza mapema ni hili: kitu kimoja kinapofikwa na jambo, vingine vitajuaje?

Tuchukue mfumo wa kupokea ada katika shule. Kuna kitu kiitwacho ada, ambacho kazi yake ni kuthibitisha kwamba fedha zimepokelewa. Fedha zikishapokelewa, mambo matatu yanapaswa kufuata: daftari la mhasibu liandikwe, stakabadhi ichapwe, na mzazi apelekewe ujumbe wa simu. Tunaweza kuandika amri zote tatu ndani ya klasi ya ada. Njia hiyo hufanya kazi, lakini huilazimisha klasi ya ada ijue mambo yasiyoihusu: kwamba kuna printa, kwamba kuna mtandao wa simu, kwamba kuna mhasibu. Mwaka ujao shule ikiamua kwamba maktaba nayo ipate taarifa, itabidi klasi ya ada ifunguliwe na kubadilishwa, ingawa namna ya kupokea fedha haijabadilika hata kidogo.

Tukio hugeuza mpangilio huo. Klasi ya ada hutangaza tu kwamba lipo jambo linaloweza kutokea kwake, na jambo hilo hupewa jina: Imelipwa. Vitu vinavyojali jambo hilo ndivyo vinavyojisajili kwake. Katika C#, kujisajili huandikwa kwa alama ya kujumlisha ikifuatwa na alama ya sawa:

ada.Imelipwa += daftari.Andika;
ada.Imelipwa += stakabadhi.Chapa;
ada.Imelipwa += simu.TumaUjumbe;

Kitu kinachotangaza tukio tukiite chanzo. Methodi iliyosajiliwa ili iitwe tukio linapotokea, ambayo Kiingereza huiita hendla, tuiite kiitikio. Neno hili lina mizizi katika nyimbo zetu: kiongozi huimba, na sehemu inayoimbwa na wengine kumjibu ndiyo kiitikio. Kiongozi hahitaji kujua majina ya waitikiaji wala idadi yao. Vivyo hivyo, chanzo hakijui ni nani wamejisajili kwake. Maktaba ikitaka kujiunga, mstari mmoja wa nne utatosha, na klasi ya ada haitaguswa.

Jina la tukio nalo linastahili jicho la mwanaisimu. Mwongozo wa majina katika mazingira ya .NET, ambamo C# hutumika, unataka matukio yatajwe kwa vitenzi, na tofauti kati ya linaloanza kutokea na lililokwisha kutokea ionekane katika umbo la kitenzi chenyewe, bila kuongeza maneno ya "kabla" na "baada". Kiingereza hufanya hivyo kwa kubadili mwisho wa neno. Kiswahili hufanya hivyo kwa viambishi tulivyo navyo. Dirisha la programu linaweza kuwa na tukio Linafungwa, ambapo kiitikio bado kinaweza kuzuia lisifungwe, na tukio Limefungwa, ambapo jambo limekwisha na hakuna la kuzuia. Kati ya -na- na -me- kuna tofauti ya mamlaka, si ya wakati tu. Mfasiri anayezitafsiri zote mbili kuwa "kufunga dirisha" huifuta tofauti hiyo.

Kiwakilishi na ngeli yake

Sasa tuutazame upande wa kulia wa ule mstari wa kwanza: daftari.Andika. Kwa kawaida jina la methodi hufuatwa na mabano, na mabano hayo ndiyo amri ya kuitekeleza. Hapa mabano hayapo. Hatujaiambia methodi ifanye kazi. Tumeitaja tu, ili mwingine aje kuiita baadaye. Kinachotokana na kutaja huko ndicho delegeti: thamani inayoshika marejeleo ya methodi, inayoweza kuhifadhiwa, kupitishwa kutoka sehemu hadi sehemu, na hatimaye kuitwa kana kwamba ni methodi yenyewe.

Mwanafunzi wa sarufi atakuwa ameanza kuitambua sura hii. Neno "hicho", linaposimama peke yake katika sentensi kama "nipe hicho", si kitabu na wala halibebi kitabu. Linasimama mahali pa nomino na kurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua. Tunaliita kiwakilishi. Delegeti hufanya kazi hiyo hiyo: si methodi, haibebi methodi, bali husimama mahali pake na kuirejelea. Hakuna ujumbe unaosafiri. Hilo ndilo tarajio la kwanza kati ya yale manne kuanguka.

Ufanano hauishii hapo. "Hicho" haliwezi kurejelea nomino yoyote ile. Linaweza kusimama mahali pa kitabu, kiti au kisu, lakini si mahali pa mti wala nyumba, kwa sababu limefungwa na upatanisho wa ngeli ya KI-VI. Delegeti nayo ina ngeli yake. Inapotangazwa, hutajwa saini yake, yaani aina na mpangilio wa vigezo inavyopokea pamoja na aina ya thamani inayorejesha. Methodi yoyote yenye saini inayopatana nayo inaweza kurejelewa. Isiyopatana hukataliwa na kompaila kabla programu haijaanza kutumika. Kama mzungumzaji wa Kiswahili anavyoshtuka akisikia "mti hicho", ndivyo kompaila inavyogoma mtu anapojaribu kusajili methodi inayodai vigezo vitatu mahali palipotengwa kwa viwili.

Upatanisho huu hufuata aina, si jina. Wanafunzi wengine hudhani kwamba methodi lazima iwe na jina fulani, au kwamba vigezo vyake lazima viitwe kama vilivyoitwa katika tangazo la delegeti. Tunaweza kuwakumbusha neno "kifaru". Lina umbo la ki- mwanzoni, lakini tunasema "kifaru huyu amelala", kwa kuwa tunapatanisha kwa kuangalia kinachotajwa ni kiumbe wa namna gani. Kompaila hufanya hivyo hivyo: haijali methodi inaitwaje, hujali inapokea nini na kurejesha nini.

Kwa matukio, mazoea ya .NET yameweka ngeli moja inayotumika sana. Kiitikio hupokea vigezo viwili, cha kwanza kikiwa chanzo cha tukio na cha pili kikiwa maelezo ya tukio, na hakirejeshi thamani yoyote. Kigezo cha kwanza humwezesha anayeitikia kujua ni ada ipi iliyolipwa, hata kama kiitikio kimoja kimesajiliwa kwa ada mia moja.

Jambo lingine muhimu ni kwamba delegeti hurejelea methodi pamoja na kitu chenye methodi hiyo. Shule ikiwa na daftari la mhasibu na daftari la bodi, vyote vikiwa vitu vya klasi moja, basi daftariLaMhasibu.Andika na daftariLaBodi.Andika ni viwakilishi viwili tofauti, ingawa methodi ni moja. Hapa ndipo delegeti inapotofautiana na kielekezi cha kazi cha lugha ya C, ambacho hushika anwani ya maelekezo tu bila kujua ni ya nani. Kinyume chake, ukitaja daftariLaMhasibu.Andika mara mbili katika sehemu mbili za programu, viwakilishi hivyo viwili huhesabiwa kuwa sawa, kama vile "hicho" katika sentensi ya kwanza na "hicho" katika sentensi ya tatu yanavyoweza kurejelea kitabu kimoja. Usawa huo utatufaa tutakapofika kwenye kujiondoa.

Na kiwakilishi kisichorejelea chochote? Mtu akiingia chumbani na kusema "nipe hicho" bila kuonyesha wala kutaja kitu, msikilizaji atabaki ameduwaa. Katika C#, tukio la kawaida ambalo hakuna aliyejisajili kwake huwa tupu, na chanzo kikijaribu kuliita hivyo hivyo lilivyo, programu huzua hitilafu. Ndiyo maana chanzo hutakiwa kuhakikisha kwanza kwamba yupo wa kuitwa. Tangu toleo la 6 la C#, la mwaka 2015, alama ya kuuliza ikifuatwa na nukta hufanya ukaguzi huo kwa ufupi: kama kuna kitu, kiitwe, kama hakuna, tuendelee.

Kuita, si kutuma

Tarajio la pili la mwanafunzi aliyefundishwa "mjumbe" ni kwamba chanzo hutuma taarifa na kuendelea na shughuli zake. Sivyo. Chanzo kinapotangaza tukio, kinachotendeka ni kuita methodi kwa namna ya kawaida kabisa, katika uzi ule ule wa utekelezaji. Kwanza huitwa daftari.Andika. Ikimalizika, huitwa stakabadhi.Chapa. Ikimalizika, huitwa simu.TumaUjumbe. Hapo tu ndipo chanzo kinaporudi kwenye mstari unaofuata wa kazi yake.

Matokeo yake ni dhahiri. Ikiwa printa inachukua sekunde kumi, ada husubiri sekunde kumi, na mzazi naye hupata ujumbe wa simu baada ya sekunde hizo. Ikiwa kazi hiyo inafanyika katika uzi unaohudumia skrini, skrini huganda na mhasibu hubonyeza kitufe mara ya pili akidhani hakikusikia. Mwandishi anayetaka chanzo kisisubiri hana budi kupanga hilo mwenyewe, kwa kuipeleka kazi ndefu kwenye uzi mwingine au kwa kuiandika methodi kwa mtindo usiosubiri. Tukio peke yake halimpi zawadi hiyo.

Hapa pia mfano wa wimbo unahitaji tahadhari. Katika ngoma, waitikiaji huitika kwa pamoja. Katika programu, huitika mmoja mmoja, kwa foleni, kila mmoja akingoja aliyemtangulia anyamaze. Mwalimu anayetumia neno kiitikio na aliseme hili waziwazi.

Orodha moja, hatima moja

Delegeti moja inaweza kurejelea methodi nyingi. Alama ya += huunganisha kiwakilishi kipya na vilivyotangulia, na kinachopatikana ni kiwakilishi chenye orodha. Methodi zilizo katika orodha huitwa kwa mpangilio ule ule zilivyosajiliwa.

Kwa kuwa zimo katika orodha moja, hatima zao zimefungamana, na tarajio la tatu nalo linaanguka. Tuseme printa imeishiwa karatasi na methodi ya kuchapa stakabadhi ikazua hitilafu ambayo haikudhibitiwa ndani yake. Orodha hukatikia hapo. Daftari limekwisha kuandikwa, lakini simu.TumaUjumbe haitaitwa kamwe, na hitilafu hupanda hadi kwenye chanzo. Mzazi amelipa, shule imeandika, lakini mzazi hana habari. Kosa la printa limegeuka kuwa kosa la mawasiliano, na anayelichunguza ataanza kuilaumu kampuni ya simu. Tiba ni kila kiitikio kudhibiti hitilafu zake chenyewe, au chanzo kupitia orodha na kuita kila kimoja peke yake kwa ulinzi.

Sheria nyingine ya orodha inahusu majibu. Delegeti yenye saini inayorejesha thamani ikiwa na methodi tatu, zote tatu zitatekelezwa, lakini atakayeita atapokea thamani ya methodi ya mwisho tu. Majibu ya mbili za kwanza hupotea kimya kimya. Ndiyo sababu mazoea ya matukio ni kutorejesha chochote. Kiitikio kikiwa na la kusema, huliandika ndani ya maelezo ya tukio, kama kinavyofanya kile kinachozuia dirisha lisifungwe.

Tena, orodha hiyo haibadiliki baada ya kuundwa. Alama ya += haiongezi jina katika orodha ya zamani; huunda orodha mpya na kuiweka mahali pa ile ya kwanza. Tofauti hii huonekana ndogo hadi pale kiitikio kimoja kinapomwondoa mwenzake wakati tukio linaendelea kutangazwa. Aliyeondolewa bado ataitwa katika mzunguko huo, kwa sababu chanzo kinaisoma orodha kama ilivyokuwa kilipoanza. Kuondolewa kwake kutaonekana tukio litakapotangazwa tena.

Uzio wa tukio

Kufikia hapa msomaji anaweza kuuliza: ikiwa delegeti inaweza kushika orodha na kuiita, tukio ni la nini? Kwa nini klasi ya ada isiweke wazi delegeti yake ili kila mtu aitumie?

Jibu liko katika nani anaruhusiwa kufanya nini. Delegeti iliyo wazi inaweza kufanyiwa mambo mawili ya hatari na yeyote aliye nje. Kwanza, anaweza kutumia alama ya sawa peke yake badala ya +=, na kwa alama hiyo moja iliyosahaulika akafuta viitikio vyote vya wengine na kubakiza chake. Pili, anaweza kuiita. Katika mfano wetu, hiyo ina maana kwamba sehemu yoyote ya programu ingeweza kutangaza kwamba ada imelipwa wakati hakuna shilingi iliyoingia; daftari lingeandikwa, stakabadhi ingechapwa, na mzazi angepata ujumbe.

Tukio ni uzio unaozungushwa delegeti. Walio nje ya klasi huruhusiwa mambo mawili tu, kujisajili na kujiondoa. Kutangaza hubaki kuwa haki ya klasi iliyolitangaza tukio hilo. Kwa hiyo si sahihi kueleza, kama baadhi ya tafsiri zinavyoeleza, kwamba tukio ni "aina ya delegeti". Delegeti ni kinachorejelea. Tukio ni utaratibu wa nani awezaye kukifikia.

Asiyejiondoa haondoki

Tarajio la nne lilikuwa kwamba mjumbe akimaliza kazi huondoka. Kiwakilishi hakiondoki. Hubaki katika orodha ya chanzo hadi kiondolewe kwa alama ya kutoa ikifuatwa na ya sawa:

ada.Imelipwa -= daftari.Andika;

Kwa sababu delegeti hurejelea kitu pamoja na methodi, chanzo kinachoishi muda mrefu hukizuia kitu kilichojisajili kisifutwe katika kumbukumbu ya kompyuta. Dirisha lililofungwa na mtumiaji, ambalo lilijisajili kwa tukio la kitu kinachodumu na halikujiondoa, huendelea kuishi bila kuonekana. Kizoa taka cha .NET hakiligusi, kwa kuwa bado kuna anayelirejelea. Mtumiaji akifungua na kufunga dirisha hilo mara hamsini, kuna madirisha hamsini yaliyofichika, na kila tukio likitangazwa, yote hamsini huitika.

Kosa linalofanana na hilo ni kujisajili mara mbili. C# haimuulizi mtu kama amekwisha kujisajili. Methodi ile ile ikiongezwa mara mbili, huitwa mara mbili. Na ikiwa methodi hiyo ni daftari.Andika, ada iliyolipwa mara moja huandikwa mara mbili. Aidha, -= huondoa tajo moja tu, lile la mwisho lililoongezwa, na ikiwa kinachoondolewa hakimo, hakuna hitilafu inayozuka. Kimya hicho ndicho kinachofanya makosa haya kuwa magumu kugunduliwa.

Kimya hicho huwanasa zaidi wanaotumia methodi zisizo na jina, zilizoingia C# katika toleo la 2 mwaka 2005 na kufupishwa zaidi katika toleo la 3 mwaka 2007. Mtu anaweza kuandika kiitikio chote papo hapo upande wa kulia wa +=, bila kukipa jina. Baadaye akitaka kukiondoa, huandika maneno yale yale upande wa kulia wa -=, na kwa kawaida hakuna kinachoondoka. Maandishi yanafanana, lakini kirejelewa si kile kile. Mwenye kunuia kuondoa kiitikio na akihifadhi kwanza katika kigeu, ili apate kukitaja tena.

Neno moja, dhana mbili

Mfasiri ana mtego mmoja zaidi. Neno delegeti la Kiingereza cha programu halina maana moja. Katika lugha ya Objective-C na mazingira ya Cocoa ya kampuni ya Apple, ni kitu kamili kinachokabidhiwa na kitu kingine baadhi ya maamuzi yake. Jedwali kwenye skrini ya simu, kwa mfano, hukiuliza kitu hicho: mstari huu uwe na kimo gani? Mtumiaji akiugusa, tufanye nini? Kitu hicho hujibu kwa niaba ya jedwali. Kwa kawaida ni kimoja tu, nacho hujibu maswali mengi. Delegeti ya C# ni kinyume: hurejelea jambo moja la kutenda, na inaweza kuunganishwa na nyingine nyingi.

Java nayo ilichagua njia ya tatu. Tangu toleo la 1.1 mwaka 1997, matukio yake hupokelewa na wasikilizaji, yaani vitu vinavyotimiza masharti ya kiolesura fulani. Microsoft ilipoingiza delegeti katika Visual J++ 6.0 mwaka 1998, kampuni ya Sun, mmiliki wa Java, ilipinga hadharani ikisema kwamba lugha haihitaji dhana hiyo. Delegeti zikapata makao ya kudumu katika C#, iliyobuniwa na kundi lililoongozwa na Anders Hejlsberg, ambaye awali alikuwa mbunifu wa Delphi, lugha iliyokuwa na viashiria vya methodi vya namna hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, tuulize matini inatoka wapi. Kiswahili kinatupa njia nadhifu ya kutenganisha dhana hizi kwa kiambishi kimoja. Kitu cha Cocoa, chenye kupewa mamlaka na kujibu kwa niaba ya mwingine, ni mwakilishi. Delegeti ya C#, isiyo na maamuzi na ambayo kazi yake ni kurejelea, ni kiwakilishi. Mzizi ni ule ule, na tofauti ya m- na ki- inasema kile ambacho Kiingereza kinamwachia msomaji akibahatishe.

Istilahi zinazopendekezwa

Kwa muhtasari, makala haya yanapendekeza istilahi zifuatazo kwa matini za C# na .NET:

Tukio: jambo linalotangazwa na kitu ili wengine waitike.
Chanzo: kitu chenye tukio, ambacho peke yake kina haki ya kulitangaza.
Kiitikio: methodi iliyosajiliwa ili iitwe tukio linapotangazwa.
Kiwakilishi: thamani inayorejelea methodi moja au zaidi, kila moja pamoja na kitu chake.
Saini: vigezo na aina ya thamani inayorejeshwa, ambavyo methodi hupatana navyo.
Kujisajili na kujiondoa: kuingiza na kutoa kiwakilishi katika orodha ya tukio.
Kutangaza tukio: kuita viitikio vyote kwa mpangilio wa kusajiliwa kwao.

Pingamizi moja linatarajiwa: kiwakilishi tayari ni istilahi ya sarufi, je, hakutakuwa na mkanganyiko? Muktadha wa programu na muktadha wa sarufi havikutani mara nyingi katika sentensi moja, na pale vinapokutana, kama darasani, kukutana huko ni faida. Mwanafunzi wa shule ya sekondari amekwisha kufundishwa kwamba kiwakilishi husimama mahali pa kingine, kwamba hupatana na ngeli ya kinachorejelewa, na kwamba hakina maana pasipo kirejelewa. Mwalimu wa programu anayeanza na maarifa hayo amebakiwa na machache ya kuongeza: orodha, foleni na kujiondoa. Anayeanza na mjumbe atalazimika kwanza kuyafuta yale matarajio manne, moja baada ya jingine.